Sura ya Tano: Isome Kapasita Yote

Mafundi wengi wakikuta kapasita iliyokufa huangalia namba moja tu, ile ya maikrofaradi, kisha hutafuta nyingine yenye namba hiyohiyo. Mara nyingi kazi hukubali. Redio inaimba, televisheni inawaka, mteja analipa na kuondoka. Baada ya miezi kadhaa kifaa kinarudi mezani na ugonjwa uleule, au kinarudi kikiwa kimeungua. Na sababu yake ilikuwa imeandikwa waziwazi kwenye mwili wa ile kapasita ya kwanza: volti zake, joto linalovumilika, upande wake hasi, au alama ndogo inayoonyesha kwamba kipuri hicho kilitengenezwa kukaa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani.

Hoja ya sura hii ni moja. Kila herufi na kila namba kwenye kapasita ni mpaka uliowekwa na mtengenezaji, na kila mpaka unalinda kitu tofauti. Namba ya maikrofaradi hukuambia kama saketi itafanya kazi leo. Maandishi mengine hukuambia kama itafanya kazi mwakani, na kama mtu atakayeigusa atabaki salama. Anayeacha kuyasoma hayo ametengeneza nusu.

Faradi na vipande vyake

Kapasita ni mabamba mawili yanayopitisha umeme, yaliyotenganishwa na kitu kisichopitisha: seramiki, filamu ya plastiki, au utando mwembamba sana wa oksaidi. Kiasi cha chaji inachoweza kuhifadhi kwa kila volti hupimwa kwa faradi, kipimo kilichopewa jina la mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday. Faradi moja ni kubwa mno kwa kazi zetu za kawaida, kwa hiyo mezani tunashughulika na vipande vyake. Maikrofaradi 1 ni sawa na nanofaradi 1,000, na nanofaradi 1 ni sawa na pikofaradi 1,000. Kila ngazi ni elfu moja. Zoea kuzipanda na kuzishuka ngazi hizo kichwani mpaka usihitaji karatasi: maikro 0.1, nano 100 na piko 100,000 ni kitu kimoja.

Alama rasmi ya maikro ni herufi ya Kigiriki µ, lakini viwanda na wauzaji wengi huandika u, hivyo uF na µF havina tofauti. Kwenye kapasita za mota na za redio za zamani utakuta MFD, nayo pia ni maikrofaradi. Redio kuukuu za Kimarekani zina MMFD, ambayo ni pikofaradi. Herufi M moja ikiongezeka, thamani inapungua mara milioni, kwa hiyo soma polepole.

Tarakimu tatu

Kapasita kubwa ya mkebe ina nafasi ya kuandika kila kitu wazi: 1000µF 16V. Kidonge cha seramiki kisichozidi punje ya dengu hakina nafasi hiyo. Ndipo zinapokuja tarakimu tatu zinazowachanganya wanaoanza.

Kanuni yake ni nyepesi. Tarakimu mbili za kwanza ni namba yenyewe, ya tatu ni idadi ya sifuri za kuongeza, na jibu ni pikofaradi. Chukua 104. Andika 10, ongeza sifuri nne, unapata 100,000. Hizo ni piko, yaani nano 100, yaani maikro 0.1. Kwa njia hiyohiyo 103 ni nano 10, 222 ni nano 2.2, 473 ni nano 47, na 105 ni maikro 1 kamili.

Mitego ipo mitatu. Wa kwanza ni sifuri ya mwisho: kapasita iliyoandikwa 220 kwa mfumo huu ni piko 22, kwa kuwa sifuri zinazoongezwa hazipo. Wapo watengenezaji walioandika 220 wakiwa na maana ya piko 220 hasa, kwa hiyo hapa mita ndiyo itakayoamua. Wa pili ni 9 mwishoni, ambayo maana yake ni kugawa kwa kumi: 229 ni piko 2.2. Wa tatu ni tarakimu mbili peke yake. Ukiona 47 kwenye kidonge cha seramiki, ni piko 47 tu.

Nukta ya desimali nayo ina njia yake. Nukta hufutika kirahisi, au haionekani kabisa kwenye mwili mdogo, kwa hiyo herufi huwekwa mahali pake. 4n7 ni nano 4.7. 2p2 ni piko 2.2. 4R7 kwenye seramiki ndogo ni piko 4.7. Ukiona µ47, ni maikro 0.47.

Vile vipande vidogo vya seramiki vya rangi ya kahawia vinavyobandikwa juu ya bodi za simu na kompyuta mara nyingi havina maandishi yoyote. Usibahatishe kwa rangi wala kwa ukubwa. Tafuta mchoro wa saketi, au bodi nzima ya aina hiyohiyo, toa kipande cha mahali palepale na ukipime kikiwa nje ya bodi.

Namba zinazojirudia

Ukikaa na kapasita kwa muda utaona namba zilezile zikirudi: 10, 15, 22, 33, 47, 68. Huo ni mfululizo wa kimataifa uitwao E6, na ulipangwa kwa hesabu. Kapasita ya 10 inayoruhusiwa kuzidi kwa asilimia 20 inaweza kufika 12. Ya 15 inayoruhusiwa kupungua kwa asilimia 20 inaweza kushuka hadi 12. Zinakutana hapo hapo, kwa hiyo hakuna haja ya kutengeneza nyingine katikati yao. Mfululizo mpana zaidi, E12, huongeza 12, 18, 27, 39, 56 na 82.

Faida yake mezani ni kubwa. Maandishi yakiwa yamefifia nawe unasoma 37, karibu kila mara umekosea: angalia tena, itakuwa 33 au 39. Mfululizo huu unasahihisha macho yako kabla hujafika dukani.

Kiasi cha kupungua na kuzidi huonyeshwa na herufi inayofuata tarakimu tatu. F ni asilimia 1 juu au chini, G ni 2, J ni 5, K ni 10, M ni 20. Z inaruhusu kuzidi kwa asilimia 80 na kupungua kwa 20. Kwa hiyo 104K si "104 kilo" wala haihusiani na elfu. Ni maikro 0.1 yenye ruhusa ya asilimia 10. Herufi hii ina uzito panapohitajika usahihi. Kwenye saketi inayochagua stesheni ya redio au inayopanga muda, J haibadilishwi kwa Z. Kwenye njia ya umeme ya kawaida, ambapo kapasita kazi yake ni kutuliza mitetemo tu, tofauti hiyo haidhuru.

Kapasita za seramiki zina alama nyingine ya herufi na namba inayohusu joto. C0G, ambayo pia huandikwa NP0, thamani yake karibu haibadiliki. X7R hufanya kazi kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125 juu, ikibadilika kwa asilimia 15 tu. Y5V inaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82 ya thamani yake ndani ya mipaka yake ya joto. Kapasita mbili zinaweza kuandikwa 104 zote mbili, na zikiwa ndani ya kifaa chenye joto zikawa vitu tofauti kabisa.

Volti: mpaka usiovukwa

Shika mkononi kapasita ya plastiki ya kijani, ile bapa yenye miguu miwili, iliyoandikwa 2A104J. Katikati unaitambua 104, maikro 0.1. Mwishoni kuna J, asilimia 5. Mwanzoni kuna 2A, na hizo ndizo volti. Namba inakuambia idadi ya sifuri, herufi inakuambia namba ya kuzidisha: A ni 1, C ni 1.6, E ni 2.5, G ni 4, H ni 5, J ni 6.3. Basi 2A ni 1 ikifuatwa na sifuri mbili, volti 100. 1C ni volti 16, 1E ni 25, 1H ni 50, 2E ni 250, 2G ni 400, na 3A ni 1,000.

Sasa soma 2J103J. J ya kwanza inahusu volti, 630. J ya mwisho inahusu asilimia, 5. Herufi ni moja na maana ni mbili, na kinachozitenganisha ni mahali zilipokaa. Ndiyo maana kapasita husomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Volti zilizoandikwa ni mpaka wa juu kabisa. Ukikosa ya volti 16 unaweza kuweka ya 25 ikiwa inaenea. Ya 10 usiiweke kamwe. Wanafunzi huuliza kwa nini vifaa vyetu vina kapasita ya volti 400 wakati umeme wa nyumbani ni 230. Sababu ni kwamba 230 ni kipimo cha wastani wa nguvu, na kilele cha wimbi hufika mara 1.414 ya hapo, karibu volti 325. Kenya, penye 240, kilele ni kama 339. Umeme ukipanda kidogo, kile kilichobaki hadi 400 ndicho kinachokuokoa. Marekani, penye volti 120, kilele ni 170 tu, kwa hiyo kapasita za 200 zinatosha huko. Kifaa cha kutoka huko ukikikuta kina kapasita moja ya 200 kwenye njia kuu, hakikisha transfoma ya kushusha umeme ipo kabla hujakiwasha.

Kapasita hizi hubaki na chaji hata waya ukiwa umechomolewa. Maikro 100 zilizojazwa hadi volti 325 zina nishati ya jouli 5 hivi, inayotosha kukurusha kutoka kwenye kiti na kuunguza ncha ya mita. Zimwage kwa rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 5, uishike kwa koleo yenye mpira kwa sekunde kadhaa, kisha pima uhakikishe zimeisha. Bisibisi inayounganisha miguu miwili kwa cheche huharibu kapasita na bodi pia, na inaweza kukurushia vipande vya chuma usoni.

Upande hasi na upande chanya

Kapasita za elektrolitiki za alumini, zile za mkebe, zina ukanda wa rangi wenye alama za kutoa unaoshuka ubavuni. Ukanda huo uko upande wa mguu hasi. Zikiwa mpya, mguu mrefu ni chanya. Zile fupi zinazobandikwa juu ya bodi zina doa jeusi la nusu duara juu ya mkebe, nalo pia ni hasi.

Kapasita za tantalamu huenda kinyume. Ukanda wake unaonyesha upande chanya. Fundi aliyezoea alumini akiiweka tantalamu kwa mazoea yake ataigeuza, na tantalamu iliyogeuzwa inaweza kuwaka moto. Madini yake, tunayoyajua kwa jina la koltani, kwa sehemu kubwa duniani huchimbwa mashariki mwa Kongo na Rwanda. Kuna wasemaji wa Kiswahili wanaoyachimba ardhini na wasemaji wa Kiswahili wanaoilehemu tantalamu kwenye bodi.

Hapa pana mtego mwingine wa namba. Tantalamu ndogo iliyoandikwa 107 hufuata tarakimu tatu: 10 na sifuri saba, piko 100,000,000, yaani maikro 100. Mkebe mdogo wa alumini wenye maandishi 100 kwa kawaida ni maikro 100 moja kwa moja. Kwa hiyo tambua kwanza ni ya aina gani, kisha usome namba.

Sababu ya upande kuwa muhimu iko ndani. Kitenganishi cha elektrolitiki ni utando wa oksaidi uliooteshwa juu ya chuma kwa umeme wa upande mmoja. Ukigeuza, utando unaharibika, mkondo unapita, joto linapanda na gesi inatoka. Ile alama ya msalaba au ya Y iliyokatwa juu ya mkebe imewekwa makusudi ili ipasuke kwanza na kuiachia gesi. Mkebe uliovimba juu umeshakuambia ugonjwa wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bodi nyingi za kompyuta duniani zilikufa hivyo, kwa sababu ya kapasita zilizotiwa maji ya elektrolaiti yenye kasoro.

Kutokuvimba, hata hivyo, hakuthibitishi uzima. Maji ya ndani yanaweza kukauka taratibu huku mkebe ukiwa umenyooka.

Joto na saa

Kwenye mkebe kuna namba inayorukwa kuliko zote: 85°C au 105°C. Karatasi ya mtengenezaji hueleza saa ambazo kapasita itadumu kwenye joto hilo, kwa mfano saa 2,000. Saa 2,000 ni siku 83 tu, lakini hiyo ni kwenye nyuzi 105 mfululizo. Kila joto likishuka kwa nyuzi 10, umri huongezeka karibu mara mbili.

Fanya hesabu ya pawasapulai ambayo ndani yake pana nyuzi 65. Kapasita ya 105°C imeshuka hatua nne: 2,000 inakuwa 4,000, 8,000, 16,000, kisha 32,000. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kuwaka usiku na mchana. Ya 85°C yenye saa zilezile 2,000 imeshuka hatua mbili tu, inafika 8,000, siku 333. Maikrofaradi ni zilezile, volti ni zilezile, na huenda hata rangi ni ileile. Aliyeweka ya 85 mahali pa 105 amempa mteja chini ya mwaka mmoja badala ya miaka mitatu na nusu. Kwenye king'amuzi kilichofungiwa kabatini Dar es Salaam au Mombasa, namba hiyo ndiyo inayoamua kifaa kitarudi lini.

Tarakimu nne zilizosimama peke yake, kama 2318, zisikusumbue. Kwa watengenezaji wengi huo ni mwaka na wiki: wiki ya 18 ya 2023.

Kapasita za umeme wa ukutani

Feni ya dari inayozunguka kwa uvivu hata kwenye spidi ya juu mara nyingi ina ugonjwa kwenye kijisanduku cheusi chenye nyaya mbili. Maandishi yake ni kama haya: CBB61, 2.5µF ±5%, 450VAC, 50/60Hz, 40/70/21. CBB ni jina la aina linalotokana na mfumo wa China, la kapasita za filamu ya polipropilini. 61 ni kijisanduku cha feni, 60 ni mcheduara wa pampu za maji.

Asilimia 5 ya 2.5 ni ndogo, kwa hiyo kapasita nzima husoma kati ya 2.375 na 2.625. Filamu hii hujiponya: cheche ikitoboa mahali, chuma chembamba kilichozunguka tundu huungua na kasoro inatengwa. Lakini kila uponyaji hula eneo kidogo, na miaka ikipita 2.5 inakuwa 1.6. Feni inapoteza nguvu ya kuzunguka. Usiifidie kwa kuweka kubwa zaidi ili "ikimbie". Koili ya pili ya mota, ile inayopitia kapasita, itapata mkondo usiopangwa na kuchemka.

Soma pia 40/70/21. Kapasita inavumilia kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 70 juu, na ilijaribiwa siku 21 kwenye joto lenye unyevu mwingi. Kwa nyumba za pwani, namba hiyo ya mwisho ina thamani kuliko ya kwanza.

Ndani ya pawasapulai, karibu na fyuzi, kuna kisanduku cha plastiki chenye X2 na 275V~. Alama ya wimbi inaonyesha umeme wa mkondo geu. Kapasita hii hukaa kati ya waya wa moto na nyutro maisha yake yote, na imejaribiwa kwa misukumo ya volti 2,500. Kapasita ya kawaida ya 400V ina namba kubwa zaidi, lakini haikutengenezwa kwa kazi hiyo na inaweza kuwaka moto.

Zenye Y ndizo za kuheshimiwa kuliko zote. Mara nyingi ni vidonge vya seramiki vya bluu, vyenye Y1 au Y2 pamoja na namba kama 222M. Hukaa kati ya umeme wa ukutani na kasha la chuma la kifaa au upande anaougusa mtumiaji. Kapasita ya X ikipiga shoti, fyuzi inakatika. Ya Y ikipiga shoti, umeme wa ukutani unaweza kuhamia kwenye chuma, na mtoto anayekishika anaweza kufa bila fyuzi kukatika. Ukikosa ya Y, acha kifaa kisubiri mpaka uipate.

Kaunta ya duka

Kabla ya kutoka mezani, andika kila kilichomo mwilini kwa mpangilio huu: aina, thamani, asilimia, volti pamoja na alama ya wimbi kama ipo, joto, alama ya usalama, kisha kipenyo na urefu. Dukani usiseme "nipe elfu moja". Sema: "Naomba ya elektrolitiki, maikro 1,000, volti 16, digrii 105, kipenyo milimita 10." Ukipewa, isome tena mbele ya muuzaji. Ukipewa ya volti 400, maikro 100, iliyo nyembamba kama penseli, irudishe, kwa sababu karatasi ya alumini ya kiasi hicho haiwezi kuenea humo, hata lebo iseme nini.

Kazi hiyo haichukui hata dakika moja. Anayeifanya kila siku atakuwa na vifaa vichache vinavyorudi mezani, na wateja wake watalala chini ya feni na kugusa redio zao bila hatari wasiyoijua. Ufundi unaanza hapo: kujua kwamba mtu mwingine atakiamini kile ulichokilehemu.